UZI: Sumu kwenye chakula na mimea ya uani kwa kuku wetu. Nini kinaua, kwa kiasi gani, na ufanye nini

Mlinda_Banda

Wakuu, habari za majukumu. Zile orodha za mimea yenye sumu kwa kuku zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp nyingi zimetoka Ulaya na Marekani, zimejaa maua ambayo wengi wetu hatujawahi kuyaona. Mtu anaisoma, anaangalia uani, haoni hata mmea mmoja wa kwenye orodha, anajiona yuko salama. Kumbe debe la pumba lililoota ukungu liko pale pale mlangoni pa banda.

Msimamo wangu ni huu: huku kwetu kuku anayekufa kwa sumu mara nyingi ameipata kwenye chombo alichowekewa chakula. Kuku wa kienyeji anayetembea na kushiba huonja jani chungu na kuliacha. Kuku aliyefungiwa, mwenye njaa, akitupiwa fungu la majani hana cha kuchagua. Ndiyo maana mmea ule ule unakaa miaka uani bila madhara, siku ukifyekwa na kutupwa ndani ya banda unaleta msiba.

Naanza na kubwa kuliko zote, sumukuvu, hasa ile ya aflatoksini. Inatengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga, mashudu na pumba. Dunia iliijua vizuri mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Kwa watu tumeiona wenyewe: Kenya mwaka 2004, Makueni na Kitui, wagonjwa 317 na vifo 125, na Tanzania mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara. Mahindi yanayokataliwa kwa binadamu ndiyo yanauzwa rahisi kama "ya kuku". Hapo ndipo pa kuwa makini.

Kuku mkubwa mara nyingi hafi siku hiyo hiyo. Anapunguza kutaga, vifaranga wanadumaa, upanga wa kichwani unapauka, na chanjo hazishiki kwa sababu kinga ya mwili imeshushwa. Mtu amechanja mdondo (kideri, Newcastle) vizuri kabisa, kuku wanakufa, analaumu chanjo. Ukimpasua utakuta ini limevimba, la manjano iliyopauka, linamomonyoka ukilibana kwa vidole. Vifaranga wa bata na wa bata mzinga ndio dhaifu zaidi, kwa hiyo kama unafuga mchanganyiko wao ndio watakuonyesha kwanza.

Kupika hakuiondoi. Kukaanga hakuiondoi. Kupepeta ukungu unaoonekana kunapunguza tu, maana sumu inabaki ndani ya punje na huwezi kuiona. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na ule unga unga wa chini ya gunia ndizo zinabeba sehemu kubwa. Hizo zitoe, na usizisage kwa ajili ya wanyama wengine pia.

Chotara_Moro

Mkuu asante sana. Wengi hatuna kipima unyevu. Mtu akiwa sokoni atajuaje kama mahindi yamekauka vya kutosha? Kung'ata punje kunatosha?

Mlinda_Banda

Kung'ata kunadanganya, tumia chumvi na chupa. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, ya mililita 750 inatosha. Chumvi ianikwe juani mpaka ikauke na isigandane. Jaza mahindi mpaka theluthi ya chupa, weka vijiko viwili au vitatu vya chakula vya chumvi hiyo, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na hayo mahindi hayafai kuwekwa stoo. Chumvi ikianguka yote chini na kuta zikabaki safi, yako chini ya hapo.

Lengo la kuhifadhi ni asilimia 13.5 au chini. Kwa hiyo hata yakifaulu kipimo cha chupa, yaanike siku moja zaidi juu ya turubai, siyo juu ya udongo. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Chakula kilichosagwa kinaharibika haraka kuliko punje nzima, saga cha wiki mbili mpaka nne tu, na msimu wa mvua punguza zaidi.

Mwanakitui

Naongezea kutoka upande wa Kenya. Kuna udongo wa kufunga sumu unaouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, unachanganywa na chakula kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Unasaidia kwa aflatoksini kwa sababu chembe za ule udongo zinaishika sumu tumboni na kutoka nayo kwenye kinyesi. Kuna sumu nyingine za kuvu ambazo hauzishiki vizuri. Kwa hivyo usinunue mahindi yaliyooza ukitegemea huo udongo. Ni kinga ya ziada kwa mahindi yanayoonekana mazuri, basi.

Na tafadhali, gunia likilowa ukalianika tena, sumu iliyokwisha kutengenezwa haipotei. Kukauka kunazuia mpya tu.

Bi_Makopa

Naomba nishike upande wa muhogo, maana maganda yake yanatupiwa kuku kila nyumba.

Muhogo mbichi, maganda yake na majani yake vina kitu ambacho kikivunjwa kinatoa sayanaidi. Kinavunjwa na kimeng'enya kilichomo humo humo kwenye mmea, mara seli zinapopasuka. Mihogo michungu inaweza kuwa na zaidi ya miligramu 100 za sayanaidi kwa kilo moja ya mzizi mbichi, ile mitamu kwa kawaida iko chini ya 50. Ganda lina nyingi kuliko nyama ya ndani, kwa hiyo hata muhogo mtamu, ganda lake bichi si la kumwagia kuku.

Kuku aliyepata nyingi kwa mkupuo anahema kwa shida, anatetemeka, anaanguka, anakufa haraka. Ukimpasua mapema damu unaikuta nyekundu sana, si nyeusi nyeusi kama ya mzoga wa kawaida, kwa sababu mwili umeshindwa kuitumia hewa iliyomo.

Namna ya kuyafanya yafae: osha, katakata vidogo vidogo au twanga, anika juani yakiwa yametandazwa wembamba siku mbili mpaka tatu hadi yavunjike kwa mkono. Kukatakata ndiko kunakofanya kazi, kwa sababu kunakutanisha kimeng'enya na sumu, kisha sayanaidi inatoka yenyewe ikiwa hewa. Hapa wengi hukosea na kisamvu: wanachemsha majani mazima. Moto unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, sumu inabaki imefungwa. Twanga kwanza, acha kidogo, ndipo uchemshe bila kifuniko.

Makopa na udaga (muhogo mkavu) ulioandaliwa vizuri kuku anakula, ila usipitishe kilo 10 kwa kila kilo 100 za chakula kama huna utaalamu wa kupanga mlo. Mwili wa kuku unaisafisha sayanaidi kidogo iliyobaki kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Muhogo wenyewe hauna protini ya maana, kwa hiyo ukiongeza muhogo, ongeza na dagaa au mashudu ya alizeti. Usipofanya hivyo kuku wanaota manyoya vibaya na kutaga kunashuka.

Ndugu_Kware

Dada hapo kwenye kutwanga kwanza umenifungua macho. Je majani ya viazi vitamu nayo yana hiyo kitu?

Bi_Makopa

Hapana. Matembele hayana shida, wape mabichi. Ni mmea wa ukoo tofauti kabisa na kiazi mviringo. Kiazi mviringo ndicho cha kuogopa: kikikaa kwenye mwanga kinageuka kijani na kuota macho, hapo sumu iitwayo solanini imejaa kwenye ganda na kwenye vichipukizi. Kuchemsha hakuiui. Ganda safi la kiazi kisicho na kijani, likichemshwa na maji yakamwagwa, halina neno. Majani ya kiazi mviringo, ya nyanya na ya bilinganya yasiingie bandani. Nyanya iliyoiva haina tatizo.

Fundi_Mlo

Dagaa na chumvi. Hili linaua vifaranga wengi kuliko mti wowote uani.

Kuku anahitaji chumvi gramu 250 hadi 300 kwa kilo 100 za chakula. Sasa kuna dagaa wa ziwani wanaoanikwa bila chumvi, na kuna dagaa wa baharini wanaochemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Sokoni wanakaa beseni kwa beseni. Fanya hesabu: dagaa wakiwa na chumvi asilimia 10, ukaweka kilo 10 kwenye mchanganyiko wa kilo 100, tayari umeingiza kilo nzima ya chumvi. Ukiongeza na zile gramu 300 za fomula umefika asilimia 1.3, zaidi ya mara nne ya kinachotakiwa.

Dalili: wanakunywa maji bila kukoma, kinyesi ni maji matupu, tumbo linajaa maji, miguu inakosa nguvu, vifaranga wanalala chali. Watu wanadhani ni koksidia (ugonjwa wa kuhara), wanatoa dawa.

Kupima ni rahisi. Loweka kiganja cha dagaa kwenye kikombe kimoja cha maji safi nusu saa, onja maji. Yakiwa na chumvi dhahiri, ama waloweke usiku mzima, mwaga maji, suuza, anika upya, ama ondoa kabisa chumvi kwenye fomula na upunguze dagaa wenyewe. Makombo ya pilau, supu, bisi za dukani na nguru mkavu yahesabiwe humo humo kwenye chumvi.

Wakishapata, ondoa chakula hicho mara moja na wape maji safi kidogo kidogo, mara nyingi. Usiwafungulie ndoo nzima kwa kuku aliyekwisha zidiwa, maana maji mengi kwa ghafla yanavimbisha ubongo.

Mwanakitui

Omena (dagaa wa ziwani) pia wachekechwe, mchanga uliomo wakati mwingine ni mwingi ajabu. Si sumu lakini unalipia protini unapata mchanga.

Mbegu_Bora

Jambo jingine ambalo halimo kwenye hizo orodha za mitandaoni: mbegu za mahindi zilizopakwa dawa. Zile zenye rangi ya waridi, nyekundu, kijani au bluu. Msimu wa kupanda ukiisha zinabaki, na kuna watu wanaziosha na kuziuza kama mahindi ya mifugo.

Rangi ikitoka dawa haijatoka. Imeshaingia kwenye ganda la punje, na kati ya dawa hizo zipo za kuua kuvu na za kuua wadudu. Thiramu, mojawapo ya dawa za kuvu zinazopakwa mbegu, kwa kuku inaharibu ukuaji wa mfupa wa mguu na kuwafanya watagaji watoe mayai yenye ganda laini au yasiyo na ganda kabisa. Ukiona banda zima ghafla linatoa mayai laini na chokaa ipo ya kutosha, kagua gunia. Mwaga punje kwenye karatasi nyeupe penye jua, angalia kwenye kitovu cha punje, pale ilipokuwa imeshikana na gunzi. Rangi huwa inabaki imejificha hapo hata zikioshwa.

Shambani nako, baada ya kupanda, fungia kuku mpaka mahindi yaote na kusimama. Wanafukua shimo kwa shimo. Dawa za wadudu zikimpata utamwona anatoa ute mdomoni, anatokwa machozi, anatetemeka, anahara. Huyo ni wa daktari wa mifugo haraka, dawa yake ipo lakini ni ya sindano na kipimo chake ni kidogo mno kukisia.

Chotara_Moro

Na maharage? Mabovu yanayochambuliwa, mtu hupenda kuwatupia kuku.

Fundi_Mlo

Mabichi usiwape. Maharage, hasa mekundu, yana lektini inayochubua utumbo. Loweka saa 5 au zaidi, usiku kucha ni bora, mwaga maji, chemsha kwenye maji mapya yanayotokota kwa nguvu dakika 30. Moto mdogo wa kupashapasha ni hatari kuliko unavyodhani, haufikishi joto la kuivunja. Hayo mabovu yaliyoota ukungu hata kupikwa yasipikwe, rudi kwenye habari ya sumukuvu.

Soya mbichi nayo inazuia kimeng'enya cha kusaga protini, kongosho linavimba, kuku anakula sana na hakui. Chemsha dakika 30 tangu ianze kutokota kisha anika, au ikaange huku ukigeuza mpaka ganda lipasuke na iwe kahawia hafifu. Ikiungua imepoteza ubora.

Kanda_ya_Ziwa

Kwa sisi wa maeneo ya pamba: mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli. Kwa kuku wa mayai dalili inaonekana kwenye kaango. Yai likiwa bichi la leo linaonekana zuri tu, likikaa stoo kiini kinageuka kijani kama cha zeituni, au kahawia. Na mafuta yaliyobaki kwenye mashudu hayo yanaweza kufanya ute uwe wa waridi. Wateja wanarudisha trei. Kwa watagaji bora utumie ya alizeti. Kama huna budi, usipite kilo 5 kwa kilo 100.

Kiwango hicho hicho, kilo 5 kwa 100, kishike pia kwa unga wa majani ya lusina (mti wa malisho). Yanatia kiini rangi nzuri ya njano, wengi wanapenda, lakini yana mimosini, ukizidisha ukuaji na utagaji vinashuka. Mlonge hauna shida hiyo.

Mti_na_Ua

Sasa mimea yenyewe, nitaje ile iliyopo kweli kwenye nyua zetu.

Parachichi: majani, ganda, magome na kokwa vina pesini, inayoshambulia misuli ya moyo. Kasuku na ndege wadogo wanakufa upesi, kuku ana uvumilivu zaidi lakini si wa kuchezea. Anajikunja, manyoya yanasimama, anahema kwa taabu, ndani unakuta maji kuzunguka moyo. Huna haja ya kukata mti. Okota yaliyoanguka kila asubuhi, na maganda na kokwa vya jikoni vifukiwe.

Mbono kaburi, ule wa kufanyia ua: mbegu na mashudu yake usiguse. Kuna waliosikia kwamba ukichemsha mashudu yanafaa. Sumu mojawapo inavunjika kwa moto, nyingine, ambayo ndiyo mbaya zaidi, haivunjiki. Mbarika au mnyonyo vilevile: ukikamua mafuta, risini haitoki na mafuta, inabaki kwenye mashudu.

Mturituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi wanazotungia shanga. Mtu akimeza nzima mara nyingi inapita, kwa sababu ganda ni gumu. Kuku ana firigisi na changarawe za kusagia, usitegemee hilo ganda kumwokoa. Ng'oa kabla haujazaa.

Oleanda ya maua, ya waridi na ya njano, inagonga moyo. Shida ni siku ya kupogoa: matawi yanaanguka bandani, yananyauka. Mnyaa, ukipogoa, ule utomvu mweupe unaunguza macho ya kuku na yako mwenyewe. Pogoa kuku wakiwa wamefungiwa, zoa matawi yote kwanza.

Mnanaha unaota majalalani na kwenye mashamba ya mahindi na mtama. Kuku hapendi jani lake, lakini mbegu ndogo nyeusi zinaingia kwenye nafaka wakati wa kuvuna. Zichekeche.

Kyela_Kakao

Maganda ya kakao yana theobromini, sumu kwa kuku. Usitandaze bandani kama matandiko, watadonoa.

Ndugu_Kware

Nasikia mchele mkavu unamvimbisha kuku mpaka anapasuka. Na pilipili?

Mti_na_Ua

Mchele mkavu hauna madhara yoyote, ni nafaka kama nafaka nyingine. Pilipili ndege hasikii ukali wake kabisa, unaweza kuwapa. Mbegu za papai, maganda ya tikiti, embe na kokwa lake, vyote sawa. Kitunguu maji kingi, kila siku, kinaharibu damu, kwa hiyo mabaki ya kachumbari yasizoeleke. Machicha ya chai na kahawa mwaga kwenye shimo la mboji lililofunikwa.

Dkt_Mifugo_Vijijini

Nimesoma yote, nashukuru kwa mchango. Niongeze mambo ya kitaalamu.

Kabla ya kusema "wamelishwa sumu", ondoa mdondo kwanza. Mdondo unasambaa siku hadi siku, kinyesi cha kijani, kukoroma, shingo imepinda. Sumu ya chakula inayoua haraka inawapiga wengi kwa pamoja ndani ya saa chache, na mara nyingi walionona ndio wa kwanza kwa sababu wao ndio hula zaidi. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, ndiyo inayokuondolea huo utata.

Shingo ikiwa imelegea kama kamba, haijapinda, manyoya yanang'oka kirahisi na kuku anafahamu lakini hawezi kuinua kichwa, fikiria botulizimu. Ameokota mzoga au funza wa kwenye mzoga. Tafuta huo mzoga leo hii, uchome au fukia kwa kina, la sivyo kesho utapata wengine.

Huduma ya kwanza kwa sumu ya kuliwa: toa chakula chote, hata kile unachokiamini. Weka kuku kivulini, maji safi. Mkaa ulioamilishwa wa duka la dawa, gramu 1 hadi 2 kwa kilo ya uzito wa kuku, koroga na maji. Mkaa wa jikoni hauwezi kazi hiyo. Kwa wale wanaokunywa wenyewe, molasi mililita 25 kwa lita ya maji, kwa saa 4 tu, inawaharisha na kusafisha utumbo. Baada ya hapo rudisha maji matupu.

Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kupikia kuku aliyelegea. Hawezi kumeza, yanaingia kwenye mapafu, anakufa kwa hilo. Na usimkamue gole, ule mfuko wa chini ya shingo, ili atapike. Ni njia ile ile ya kumkaba.

Chotara_Moro

Daktari, wakifa sampuli inapelekwaje?

Dkt_Mifugo_Vijijini

Wawili au watatu waliokufa karibuni, ndani ya saa 24. Wapoze kwa barafu, usiwagandishe, kwa sababu kugandisha kunaharibu viungo vya kuangaliwa. Funga mifuko miwili. Chukua pia nusu kilo ya chakula, siyo kutoka juu ya gunia peke yake: juu, katikati na chini, changanya, weka kwenye mfuko wa karatasi, maana ndani ya nailoni kuvu wataendelea kuota njiani na majibu yatakudanganya. Andika tarehe ulipokinunua, dawa na chanjo walizopata, na wangapi wamekufa kati ya wangapi. Tanzania peleka TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari), Temeke au kituo cha kanda kilicho karibu. Kenya ni maabara ya mifugo ya Kabete.

Wakati unasubiri majibu, mayai na maini ya hao kuku yasiliwe wala kuuzwa. Aflatoksini na dawa za wadudu vinapita mpaka kwenye yai.

Mwanakitui

Na lile gunia lisirudishwe dukani kimya kimya likauzwa kwa mwingine. Lihifadhi pembeni na lebo na risiti yake mpaka majibu yatoke.